Mstari wa Chaki Hauna Mwenyewe

*Katika mechi za watoto kisiwani Mombasa, mshika kibendera huachiwa ukanda wa ardhi ambao hakuna anayekiri kuwa ni wake. Akiumia mtu, wote humgeukia yeye.*

Mafuta yalimwagika kipindi cha pili, timu zikiwa sare ya bao moja kwa moja.

Ilikuwa Jumamosi alasiri, mechi ya watoto wasiozidi miaka 13, kwenye kiwanja kimoja cha wazi kisiwani ambacho sitakitaja jina. Winga wa kulia, mtoto mwembamba mwenye jezi iliyomfika magotini, aliusukuma mpira pembezoni akaukimbilia. Mshika kibendera, kijana wa chuo aliyeitwa kwa posho ya nauli na chai, akaenda naye sambamba. Macho yake yalikuwa kwa beki wa mwisho, kama alivyofundishwa.

Nyuma yake, hatua mbili kutoka mstarini, palikuwa na jiko la makaa, na juu ya jiko karai ya mafuta yanayochemka. Viazi karai.

Mtoto aliteleza akaja mzimamzima. Kijana aliruka nyuma kumkwepa, kisigino kikagonga jiko, karai ikainama. Mengi ya mafuta yaliingia mchangani. Machache yaliingia kwenye shavu la mguu wake.

Mzee mmoja alitaka apakwe dawa ya meno. Mwanamke aliyekuwa amesimama na buibui lake karibu na goli akamfokea, akatwaa dumu la maji ya wachezaji na kuumwagia ule mguu pole pole hadi dumu likaisha. Baadaye nilijua kuwa ni muuguzi aliyekuja kumtazama mwanawe.

Kisha mabishano yakaanza, na hayakuhusu mguu.

Mama wa viazi alitaka kujua nani atamlipa mafuta yake. Kocha wa timu mwenyeji alisema waulizwe waandalizi. Mwandalizi alisema refa ndiye mwenye amri uwanjani, na kama aliona karai ni hatari angeiondoa kabla ya kupuliza kipyenga. Refa alisema yeye alimkuta mama pale, na kesho atamwacha pale. Kofia ikapitishwa, mchango ukatosha mafuta. Nauli ya tuktuk ya kwenda hospitali aliitoa kijana mfukoni mwake, na ile posho ikaishia hapo.

Kiwanja chenye wenyewe wengi

Mji wa Kale hauna kiwanja cha mpira. Vichochoro vyake ni vyembamba kiasi kwamba mikokoteni miwili ikikutana, mmoja hurudi nyuma. Watoto huanza na mpira wa makaratasi, wakigonga ukuta wa jirani na kukimbia kabla hajatoka. Wakikua kidogo hutafuta nafasi nje ya mji: Tononoka, Ronald Ngala, viwanja vya shule, popote penye ardhi tambarare.

Na mpira wenyewe si jambo la juzi hapa. Feisal ya Mombasa ilikuwa bingwa wa ligi ya taifa mwaka 1965, mwaka wa tatu tu tangu ligi ianzishwe, na kwenye baraza za Kibokoni na Kuze bado utakuta wazee wanaobishana kuhusu kikosi kile kana kwamba kinacheza kesho. Lakini ardhi ya kuchezea haikuongezeka na kisiwa. Uwanja wa Manispaa ulifungwa kwa ujenzi mpya wakati wa Gavana Ali Hassan Joho, na kazi ikaburuta kwa miaka. Wakubwa walipokosa uwanja waliteremkia kwenye viwanja vya wadogo.

Kwa hiyo alasiri moja kiwanja kimoja hubeba mechi mbili, boda boda zilizoegeshwa, muuza mabuyu, muuza madafu, mbuzi wa mtu, na mkutano wa watu wasiotazama mpira hata kidogo. Mstari wa pembeni huchorwa kwa majivu au chokaa. Mara nyingine kwa kijiti tu. Kufikia mapumziko, nyayo za mashabiki zimeufuta, na mshika kibendera hukisia.

Ardhi huwa ya shule, ya kaunti, au ya taasisi fulani. Mashindano huwa ya kamati. Watoto ni wa makocha hadi saa kumi na mbili jioni, kisha ni wa wazazi wao. Ule ukanda wa mita tatu kati ya mstari na watu ndio usio na mtu.

> *Kipyenga kinaanzisha mechi. Hakiondoi jiko.*

Sheria ya mchezo inasemaje

Sheria za soka ni 17, na hutungwa na bodi ya kimataifa iitwayo IFAB, ambayo imekuwapo tangu 1886. Ya 5 ni ya refa. Ndani yake mna kifungu ambacho marefa wengi wa mitaani wamekisikia bila kukisoma.

Kinasema refa na waamuzi wenzake hawatawajibishwa kwa jeraha la mchezaji, kiongozi au mtazamaji, wala kwa mali iliyoharibika, iwapo chanzo ni uamuzi waliotoa kwa mujibu wa sheria za mchezo. Kisha kinataja mifano: uamuzi kwamba hali ya kiwanja na mazingira yake yanaruhusu mechi au hayaruhusu, kusimamisha au kutosimamisha mchezo kwa sababu ya vurugu za watazamaji, kuruhusu au kukataza watu wa aina fulani kukaa karibu na kiwanja, wakiwamo maafisa wa timu, walinzi na wapiga picha.

Ukikisoma haraka utadhani na karai imo.

Tatizo ni kwamba hiyo ni sheria ya nyumba ya soka. Inawafunga walio ndani ya nyumba: vyama, klabu, wachezaji. Mama wa viazi hakujiunga na chama chochote, na hakimu wa Mombasa haketi chini ya IFAB. Tena sheria hiyohiyo humpa refa wajibu. Sheria ya 1 inataka magoli yakazwe imara ardhini, yakiwamo yale ya kubebwa. Eneo la benchi lina mipaka, nalo huishia mita 1 kabla ya mstari. Tangu Juni 2019 refa anaweza kumwonyesha kocha kadi ya manjano au nyekundu, na mkosaji wa benchi asipotambulika, kadi humwangukia kocha mkuu aliyepo.

Ndio kusema amri anayo. Bali amri hiyo imekomea kwenye benchi. Hakuna kadi ya kumwonyesha ami wa mchezaji aliyesimama ndani ya mstari akimwelekeza kijana wake.

Mahakamani humtafuta mwenye kiwanja mkononi

Hapa ndipo waandalizi wengi hukosea. Wanadhani kesi ikitokea, wa kwanza kushikwa ni mwenye filimbi. Sheria ya Kenya huanzia kwingine.

Sheria ya Dhima ya Wakaaji, Sura ya 34, inamtaka mwenye udhibiti wa mahali kuchukua tahadhari za kuridhisha ili mgeni awe salama kwa jambo lililomleta. Haimtafuti mwenye hatimiliki pekee. Humtafuta anayeamua nani aingie, nani akae wapi na nini kifanyike. Shule inayoazimisha kiwanja inaweza kuwa na sehemu yake, na kamati iliyoweka ratiba ikapanga viti ikawa na yake.

Sheria hiyo inaongeza jambo linalohusu mechi hizi moja kwa moja: mwenye mahali atarajie kuwa watoto hawana uangalifu wa watu wazima. Mtoto wa miaka 12 anayefukuza mpira hatazami karai, na sheria haimtegemei aitazame.

Na kibao? Waandalizi wengine hubandika karatasi mlangoni yenye maneno "unaingia kwa hiari yako". Sura ya 34 inasema onyo peke yake halimwondolei mtu dhima, ila likiwa limetosha kumfanya mgeni awe salama. Karatasi haipozi mafuta.

Jambo la pili ni la kamati zenyewe. Sheria ya Michezo ya 2013 iliweka Msajili wa Michezo na Jopo la Kutatua Mizozo ya Michezo, lakini makombe mengi ya mitaani, ya Ramadhani, ya Idi, ya mwanasiasa anayetafuta kura, huendeshwa na kikundi cha watu wenye nia njema na kundi la WhatsApp. Kamati isiyosajiliwa haina nafsi mbele ya sheria. Kesi ikija, wanaoitwa ni watu kwa majina yao: mwenyekiti, mweka hazina, yule aliyesaini barua ya kuomba kiwanja. Wengi wao hawajui.

Haina maana kuwa refa amesalimika. Mfano unaotajwa sana na mawakili wa michezo ni wa Uingereza, na si wa soka. Tarehe 19 Oktoba 1991, katika mechi ya raga ya vijana wasiozidi miaka 19, Ben Smoldon, aliyekuwa na umri wa miaka 17, alivunjika shingo skramu ilipoporomoka. Skramu za mechi ile zilikuwa zimeporomoka zaidi ya mara 20. Mahakama iliona refa hakutekeleza kanuni zilizowekwa mahususi kuwalinda vijana, na mwishoni mwa 1996 Mahakama ya Rufaa ikakubaliana nayo. Hoja kwamba mchezaji alijitakia mwenyewe ilikataliwa: alikubali hatari ya raga, hakukubali refa aache kanuni za kumlinda.

Lakini Jaji Mkuu Bingham alitahadharisha. Kizingiti cha kumwajibisha refa ni cha juu, alisema, na hakitavukwa kirahisi. Kosa la kuhukumu katika mchezo unaokwenda kasi halitoshi.

Hukumu hiyo haimfungi hakimu wa hapa. Sheria ya Mamlaka ya Mahakama, Sura ya 8, ilipokea kanuni za mahakama za Uingereza kama zilivyokuwa tarehe 12 Agosti 1897. Za baadaye hushawishi tu. Ila hushawishi sana. Refa aliyeona goli la kubebwa likiyumba, akaambiwa linayumba, kisha akapuliza kipyenga, asitegemee sana Sheria ya 5.

> *Kamati isiyosajiliwa haina nafsi mbele ya sheria. Wanaoitwa ni watu kwa majina yao.*

Aliye uchi ni mwenye kibendera

Geuza swali sasa. Badala ya kuuliza refa anadaiwa nini, uliza yeye akiumia anamdai nani.

Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini ya 2007 ni ya walioajiriwa. Kijana anayeitwa kwa simu Ijumaa usiku na kupewa posho Jumamosi jioni atapata tabu kuthibitisha kuwa ana mwajiri. Kinachombakia ni kesi ya uzembe dhidi ya waandalizi, ambayo kwa kawaida ina miaka 3 ya kufunguliwa, na ambayo gharama yake hupita posho za msimu mzima. Yule wa karai hafikirii kushtaki. Anataka aitwe tena wiki ijayo. Mkono mtupu haulambwi, na katika mechi za watoto mkono wa mwandalizi ndio pekee wenye kitu.

Majeraha mengine hayaletwi na jiko. Tarehe 2 Desemba 2012, mjini Almere, Uholanzi, Richard Nieuwenhuizen alijitolea kushika kibendera katika mechi ya vijana ambayo mwanawe alikuwa akicheza. Baada ya mechi alipigwa mateke na wachezaji wa timu pinzani. Alifariki siku iliyofuata, akiwa na umri wa miaka 41. Mechi zote za ridhaa nchini humo zilifutwa wikendi iliyofuata, na mwaka 2013 vijana sita na baba wa mmoja wao wakapatikana na hatia. Baba alifungwa miaka 6.

Mwaka huohuo wa 2013, jimboni Utah, Marekani, refa Ricardo Portillo alimwonyesha kadi ya manjano kipa wa miaka 17. Kipa alimpiga ngumi moja. Portillo alifariki baada ya wiki moja.

Mombasa haijafika huko, na Mungu atuepushie. Lakini dalili za mwanzo ziko kila wikendi: kusukumwa kifuani, kuzungukwa baada ya kipyenga cha mwisho, chupa ya maji inayopita juu ya kichwa. Kwa Kifungu cha 251 cha Kanuni ya Adhabu, kumshambulia mtu na kumjeruhi ni kosa lenye kifungo cha hadi miaka 5, na sheria haisemi "isipokuwa refa". Hata hivyo mambo hayo humalizwa barazani. Wazee huketi, kahawa chungu hunywewa, kijana huambiwa ampe refa mkono, na refa huambiwa asamehe kwa kuwa sote ni watu wa mtaa mmoja.

Naiheshimu baraza. Imezima mengi ambayo polisi wangeyawasha, na mtoto wa miaka 14 hafai kuanza maisha yake kwenye mahakama ya watoto pale Tononoka, umbali mfupi kutoka kiwanja alichokosea. Ila suluhu ya barazani ina kasoro moja: refa huingia akiwa peke yake, na mshtakiwa huingia na ukoo. Sijasikia bado baraza iliyoamua kuwa refa alipwe.

Kila mmoja ana hoja

Waandalizi hawakosi la kusema. Mfadhili, ambaye mara nyingi ni mwanasiasa, hutoa jezi, kombe na vipaza sauti, yaani vitu vinavyoonekana kwenye picha. Hatoi kamba. Ukimwambia mwandalizi akodi walinzi na watu wa huduma ya kwanza kwa kila mechi ya watoto, ataacha kuandaa, na watoto watarudi vichochoroni wasitazamwe na mtu. Hofu ya dhima imewahi kufunga michezo mingi shuleni katika nchi tajiri. Hapa haina haja ya kusukumwa sana.

Wazazi nao husema wao si wageni, ndio waliowaleta watoto, na wakisimama mbali hawaoni. Makocha husema wazazi hao ndio nauli ya timu.

Mama wa viazi, nilipomfuata Jumatatu, alikuwa na hoja iliyonishinda. Alikuwa akikaanga pale kabla kamati haijazaliwa. Kamati ndiyo iliyosogeza mstari kumfuata yeye, ilipopanua kiwanja ili timu kubwa zicheze asubuhi. Nilikwenda kupima. Ni kweli.

Serikali ya kaunti haiwezi kujitoa. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezipa kaunti shughuli na vifaa vya michezo. Kwenye kiwanja cha umma kisiwani, anayetoa ruhusa ndiye mwenye nafasi ya kuuliza maswali matatu kabla ya kugonga muhuri: kamba iko? magoli yamekazwa? nani amesaini kuwa pembezoni ni pake? Mwenyeji asipokuwa na jina la kuandika hapo, ruhusa ingoje.

Kamba yenye alama

Nairobi waliwahi kufanya jambo ambalo Mombasa ingeweza kuliazima. Shirika la MYSA, lililoanzishwa Mathare mwaka 1987 na Bob Munro, lilizipa timu za watoto alama za ligi kwa kusafisha mitaa yao, juu ya alama za kushinda mechi. Takataka ikawa na uzito kwenye jedwali.

Pembezoni pangeweza kuwa hivyo. Timu mwenyeji isiyotandaza kamba mita tatu kutoka mstarini, isiyosogeza majiko na pikipiki hadi nyuma ya kamba hiyo, ikatwe alama kabla ya mpira kuguswa. Hakuna mlinzi wa kukodiwa hapo. Kuna watoto wa akiba, ambao hata hivyo wameketi, na mzazi mmoja aliyevaa kizibao cha rangi kali ambaye jina lake liko kwenye karatasi ya refa. Ami akivuka kamba, refa hana haja ya kubishana naye. Anamwonyesha saa mzazi wa kizibao, na mechi inangoja. Wachezaji wenyewe watamrudisha ami wao.

Bima ya ajali ya kundi kwa marefa wa mashindano ni jambo la kamati kukaa na wakala wa bima, kabla ya kununua kombe. Kombe likipungua urefu kidogo hakuna mtoto atakayelia.

Nilirudi kwenye kiwanja kile Jumamosi iliyofuata. Bandeji ilionekana juu ya soksi ya mshika kibendera. Upande wake, kutoka kona hadi kona, palikuwa na kamba ya katani iliyofungwa kwenye vigingi tisa, na karai ilikuwa ikichemka nyuma yake. Upande wa pili hapakuwa na kitu. Watu walisimama juu ya mstari kama kawaida.

Nilimuuliza mwandalizi kwa nini kamba ni ya upande mmoja. Alisema si ya kamati. Kijana aliinunua mwenyewe, na pesa zake zilitosha upande mmoja.